Sahani ya Ami Chini ya Kawa

Wiki jana nilipita Galu, nikasimama mahali ilipokuwa nyumba ambamo bibi yangu alikuwa akifua nguo. Haipo tena, ndugu yangu. Pamejengwa ukuta wa hoteli, na askari wa getini akaniuliza, kwa adabu, kama nimepotea njia.

Hapo aliishi mama mmoja Mkorea. Mjukuu wake alizaliwa ughaibuni, hakujua Kikorea hata neno moja, naye mama yule hakujua Kiingereza. Kila Jumapili walipigiana simu, wakabaki kusikilizana pumzi tu. Basi nikitoka shule, nikiwa na miaka kumi na kiburi cha mtu wa arubaini, nilimfundisha vitenzi vya Kiingereza. Nilifungua mlango, nikaufunga, nikaruka juu ya ndoo za bibi, naye akiandika daftarini.

Kilichotushinda ni "miss", kuwa na hamu na mtu aliye mbali. Utakiigiza vipi? Nilimwambia ni neno la watu wanaopendana, naye akawa anamwamkia bibi kwalo kila asubuhi. Nilipomweleza bibi maana yake, alicheka hadi akaangusha kanga aliyokuwa akiikamua. "Mwanangu, si mimi huyu hapa?"

Ijumaa moja bibi akamwalika kwetu. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, sote mkekani. Kabla hatujanawa, bibi akapakua sahani moja, akaifunika kwa kawa ya ukindu, akaiweka kando. Mgeni akauliza ni ya nani. Mimi nikawa mkalimani.

"Ya mwanangu, ami yake huyu. Yuko Maskati."

"Anakuja leo?"

"La, wala mwaka huu haji. Lakini Ijumaa siwezi kupakua nikamruka."

Mama yule aliitazama kawa mpaka wali wake ukapoa. Hakuandika kitu.

Jumapili nikakaa karibu na simu, mwalimu mzima, nikingoja kitenzi changu. Akamwambia mjukuu, kwa Kiingereza cha kuokoteza, kwamba amepika na sahani yake ameiweka. Nikaudhika. Kisha akalitamka lile neno taratibu. Mtoto akauliza amewekewa chakula gani. Walizungumza mpaka salio likaisha.

Mwaka uliofuata mama yule alirudi kwao, na namba yake hatukubaki nayo. Bibi alifariki nikiwa sekondari, na tangu hapo kwetu hapakuwekwa tena sahani ya mtu asiyekuwapo. Siku hizi simu zinaonyesha hadi nyuso, na salio ninalo tele. Nina hamu nao wote wawili, bibi na mama yule, na hakuna wa kupokea.