Sindano Niliyosema Haina Neno

Iko siku moja ambayo naikumbuka mpaka leo, mwanangu, ingawa mengi ya ujana wangu yamekwisha kunitoka. Ilikuwa asubuhi yenye ukungu, ule unaoshuka kutoka msituni na kukaa juu ya migomba hadi saa nne, nami nilikuwa muuguzi mpya katika zahanati ndogo huko juu mlimani. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti, na viatu vyeupe, na imani kwamba ujinga ndio ugonjwa wa kwanza wa watu wetu na kwamba mimi nimetumwa kuuponya. Usinicheke sana. Kijana asiye na moto kifuani ni wa kuhurumiwa, ila moto usiposimamiwa huunguza hata nyumba uliyokusudiwa kuipasha joto.

Asubuhi hiyo aliletwa mjane mmoja, Mama Anselmi, ameumwa na mbwa mguuni. Mbwa huyo hakuwa na mwenyewe. Alipita kihambani, yaani kwenye shamba la migomba linalozunguka nyumba yao, akitokwa na mate, akamuuma mbuzi, akamuuma na mama, akaenda zake. Aliyemleta alikuwa mwanawe wa pekee, Anselmi, kijana wa miaka ishirini, mpenda mzaha.

"Nesi, mtibu vizuri," aliniambia. "Akianza kubweka namrudisha kwenu."

"Nyamaza wewe!" mama yake akamkemea. "Ng'ombe hawajala tangu jana, nawe umekaa hapa kuchekesha watu."

Niliosha jeraha kwa sabuni na maji mengi, kisha nikashuka nao hadi hospitali mjini Moshi, kwa kuwa zahanati yetu haikuwa na dawa zilizohitajika. Pale alipaswa kuchomwa sindano za aina mbili. Niwie radhi nikikueleza kwa kirefu, kwani hapa ndipo lilipo jambo lenyewe. Chanjo huufundisha mwili kutengeneza kingamwili zake, yaani walinzi wa kupambana na ugonjwa. Lakini mwili haujifunzi kwa siku moja, na kichaa cha mbwa hakina subira. Kwa hiyo mtu huchomwa pia kingamwili zilizokwisha kutengenezwa, na zile tulizokuwa nazo siku hizo zilitolewa katika damu ya farasi. Ni kama mjane anayemwomba jirani amlindie kihamba mpaka wanawe wakue. Jirani huyo ni msaada mkubwa, lakini mwili wa baadhi ya watu humwona mgeni na kugombana naye: homa, maumivu ya viungo, ngozi kuwasha na kuvimba, pengine baada ya wiki nzima. Mara chache ugomvi huzuka palepale, tena kwa ukali, ndiyo maana mgonjwa haachwi peke yake akishachomwa. Yote haya nilifundishwa. Nilikuwa nimeyaandika kwa mkono wangu katika daftari.

Mama Anselmi aliitazama sindano, akanishika mkono. "Mwanangu, hii haitanidhuru?"

"Haina neno, mama," nikamjibu. "Haina neno hata kidogo."

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Wala sikuteleza, mwanangu, nilichagua. Nilijiambia kwamba nikimtajia homa na kuwashwa atakimbia, kisha atakufa. Nilijiambia kwamba uongo mdogo kwa ajili ya uhai ni sadaka.

Alirudi kwa chanjo ya pili na ya tatu bila shida. Siku chache baadaye Anselmi alikuja mbio kuniita. Nilimkuta mama yake kitandani, mwili umetoka mabaka, magoti hayakunjiki, anajikuna hadi damu. Nilijua mara moja ni nini. Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema: nisamehe, hili nililijua, linatibika, litapita. Badala yake niliona haya, nikasema labda ni malaria.

"Malaria naijua," akasema taratibu. "Nimeugua malaria kabla hujazaliwa."

Alipata nafuu baada ya siku kadhaa, wala ule ugonjwa wa mbwa haukumpata. Sindano zile zilikuwa zimemlinda. Lakini nani angeliona hilo? Ugonjwa uliozuiwa hauonekani, mabaka huonekana. Hakurudi kumalizia chanjo iliyobaki. Kijijini wakasema nesi amemchoma mjane sumu ya farasi, kisha akaisingizia malaria.

Kiangazi kilipofika, majani ya ng'ombe yalikwisha kule juu, na Anselmi akawa anashuka tambarare kuyakata. Huko mbwa alimuuma kidole. Kilikuwa kidonda kidogo, cha kufungwa kwa kitambaa. Mama yake alipomwambia waje kwangu, alikataa: "Kwa yule wa haina neno? Nilikuona ulivyojikuna, mama. Mimi siendi." Naye mama hakumlazimisha. Angemlazimisha kwa maneno gani, ilhali mwili wake mwenyewe ulikuwa ushahidi?

Husemwa kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi niliyeficha madhara ya dawa, kifo kiliniumbua kupitia mwili wa mtu mwingine. Wiki kadhaa zilipita. Kisha wakamleta Anselmi zahanati, amebebwa, koo linajifunga kila alipoonyeshwa kikombe cha maji. Ugonjwa huo ukishafika hapo, mwanangu, hakuna sindano inayourudisha nyuma. Alinitambua. Akavuta pumzi, akasema, "Nesi, safari hii niambie kweli."

Nikamwambia kwamba hatapona. Ilikuwa mara ya kwanza kuwaambia watu wa nyumba ile ukweli mchungu, na haukuwa na faida tena. Tulimpeleka mjini ili angalau apunguziwe mateso. Alizikwa kihambani, kando ya baba yake.

Kwetu Uchagani, aliyekosa huchukua jani la isale, akalipeleka kwa aliyemkosea kupitia kwa mzee. Na jani hilo likifika, msamaha haunyimwi. Nilikata isale, nikaenda kwa Mzee Paskali, baba mkubwa wa marehemu. Nilimkuta kati ya mikahawa yake. Nilimwamkia, nikampa jani. Hakulipokea.

"Unaomba msamaha wa nini, binti?"

"Wa kutomfuatilia Anselmi mapema, baba."

"Hukuijua habari ya Anselmi. Hilo si lako. Sema lako." Kisha akauliza, "Ile dawa, ulijua yaweza kumsumbua mtu?"

"Nilijua, baba."

"Na ulinyamaza."

"Niliogopa mngeikataa."

Akashika tawi la mkahawa, akalitikisa kidogo. "Hii mikahawa tunaipigia dawa kila mwaka. Bwana shamba alituambia waziwazi: hii ni sumu, funga kitambaa puani, usipulizie kuelekea upepo, mtoto asisogee. Tuliacha kupiga dawa?"

"Hapana, baba."

"Tulifunga vitambaa. Wewe ulitupenda, sikatai. Lakini ulituona watu wa kukimbia, tusioweza kubeba neno zito. Ulitupenda bila kutuheshimu."

Ndipo akalichukua jani. Tulipofika kwa Mama Anselmi nilisema kosa langu lote, nimepiga magoti. Alilipokea isale kwa mikono miwili, kama desturi inavyotaka. "Nimekusamehe," alisema. "Lakini usije hapa kwa muda, mwanangu. Nikikuona naisikia sauti yako, na ng'ombe bado wanamlilia."

Tangu siku ile, kila niliyemchoma nilimweleza: itauma, waweza kupata homa, ukiona hiki au kile njoo, hata kama ni Jumapili. Wengine waliondoka bila kuchomwa, na moyo wangu ukawafuata hadi njiani. Wengi wao walirudi kesho yake, na waliporudi walikuwa wameamua wenyewe.

Leo naishi Rau, pembeni mwa mji wa Moshi, nimestaafu. Juzi binti wa jirani, mwenye mtoto mchanga, aliniuliza kama chanjo ina madhara. Nilimweleza yote, homa na uvimbe, na kwa nini amchanje mtoto hata hivyo. Hakujua ni kaburi gani nilikuwa nimesimama kando yake.

Basi sikia, mwanangu. Ukiumwa na mbwa, osha jeraha na uende siku ileile, hata kidonda kiwe kidogo, hata kama dawa ilimsumbua nduguyo. Uliza, na usione haya kuuliza. Nawe uliyesoma, usimdanganye mtu kwa faida yake. Dawa njema haihitaji uongo wako ili iwe njema, na mtu uliyemficha jambo dogo hatakuamini katika kubwa. Maji yakimwagika hayazoleki. Imani ya watu ni vivyo hivyo.

Mungu akulinde katika kazi ya mikono yako. Akupe elimu, na pamoja nayo akupe unyenyekevu wa kuigawa bila kuipunguza. Na siku mwenye hofu atakapokushika mkono na kukuuliza, akujalie ujasiri wa kumwambia yote unayoyajua, na uvumilivu wa kukaa naye mpaka hofu yake itulie.