Kitufe Chekundu cha Ploti Nzima

Kwenye mlango wa kutokea wa maktaba ya chuo kikuu, nilimkuta msichana mwanafunzi kutoka Makina, Kibera, akibonyeza mfululizo kitufe chekundu cha wasioridhika na huduma, kando ya kile cha kijani cha walioridhika.

"Wewe! Kila mtu abonyeze mara moja," mkutubi akamkemea.

"Madam, nabonyezea ploti nzima, wanafunzi wote tunaopanga pamoja. Stima zikipotea Kibera tunakuja kusomea hapa, tunapata mmefunga. Walio nje watabonyeza aje?"

Kwao, mmoja huwapangia majirani mitungi kwenye foleni ya maji, kwa hivyo hakuona kosa. Mkutubi akaitazama kufuli ya mlango.

Majuzi nimekuta maktaba wazi hadi usiku. Ploti nzima ilitoka ikibonyeza kijani, naye msichana yule amesimama kando kama askari.

"Mara moja tu!" akawafokea. "Sasa hakuna aliyefungiwa nje."