Blanketi la Orbuzo Mbele ya Mama Mkwe

Jamani, ninyi mlioanza kucheka kabla sijafungua mdomo, chekeni tu, maana aibu yenyewe nimeshaizoea, na hapa Likasi, kuanzia Kikula mpaka Panda, kuna watu ambao jina langu hawalijui lakini wakiniona wananiita Bwana Orbuzo, nami nageuka. Naitwa Fiston. Kazi yangu ni kupima malori ya madini kwenye mizani ya kiwanda kimoja, kazi inayotaka utulivu na akili, na mpaka siku ile niliamini ninavyo vyote viwili.

Kwanza niwaeleze Sayari ya Tisa ni nini, kama kuna mtu ambaye bado hajui (simwamini, lakini nitaeleza). Ni filamu za watu wa anga za mbali, zilianza kabla sijazaliwa, baba yangu alizitazama akiwa kijana kwenye ukumbi wa video, akanirithisha ugonjwa huo, na hazijaisha mpaka leo, kila mwaka inatoka nyingine, au katuni, au hadithi ya utoto wa bibi yake fulani ambaye tulishamzika katika filamu ya nne. Adui mkubwa humo ni Orbuzo, mfalme mwenye pembe tatu na macho ya kijani, mbaya kupita kiasi, na ndiye ninayempenda kuliko wote, msiniulize kwa nini. Sasa filamu yenyewe ni saa mbili, inakwisha, watu wanakwenda kulala. Vitu ndivyo havikwishi. Wametengeneza kikombe cha Orbuzo, ndala za Orbuzo, thermosi, shuka, mswaki, saa ya mkono, hadi kichujio cha chai chenye pembe tatu ambacho majani yanapita yote, na mimi nilikuwa nacho.

Wenzangu kazini walinibishia kila siku wakati wa kula kwamba hawa watu wamezidisha, kwamba siku hizi filamu ni tangazo la vikombe, na mimi nilijibu kwa hasira (nilikuwa naona kama wametukana ukoo wangu) kwamba kitu unachokipenda hakiwezi kuzidi. Lakini kila nilipopita sokoni na kuona kitu kipya, nilijiambia, haya, moja tu, halafu basi. Nyumba yangu ya vyumba viwili ilijaa hizo moja tu.

Clarisse, mchumba wangu, mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa subira, alivumilia yote hayo. Tulipopanga siku ya kupeleka mahari aliniomba jambo moja, kwa sauti ya upole ambayo sasa najua ilikuwa onyo: siku hiyo Orbuzo abaki nyumbani. Nikamwahidi. Nilimpenda na bado nampenda, na siku ile kitu nilichokitaka kuliko vyote duniani kilikuwa baba yake aseme mbele ya watu, haya, mchukue.

Familia ya Clarisse asili yao ni Kasai. Babu yao aliletwa huku kufanya kazi ya mgodi, wamezaliwa hapa, wamebatizwa hapa, lakini mambo ya buko, yaani heshima ya ukwe, wameyashika kwa mikono miwili. Mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hampi mkono, hali naye, na haonyeshi mwili wake mbele yake, hata goti. Siku ya mahari bwana arusi anakaa kimya, anayesema ni msemaji wa familia, kwa upande wetu baba mdogo Gaston, mtu ambaye akipewa nafasi ya kusema haachi mpaka chakula kipoe. Nilifundishwa hayo yote wiki nzima. Kaa, nyamaza, angalia sakafu. Mtu angeniuliza kama naweza, ningesema hata kiti kinaweza.

Walituletea orodha ya vitu kama desturi ilivyo, suti ya baba, taa, vitenge, na blanketi zito la mama, kwa sababu yeye ndiye aliyelala kwenye baridi na mtoto aliyemlowesha. Nikaenda sokoni kutafuta blanketi. Nia yangu ilikuwa safi, naapa, nilikuwa natafuta lile la kawaida lenye chui, ila muuzaji akanitolea moja lililokunjwa ndani ya mfuko wake wa plastiki, la maua mekundu, zito kweli, sijawahi kubeba blanketi zito vile. Nikafungua zipu kidogo, nikainua pembe ya upande wa pili. Nikaona pembe. Pembe ya kweli, ya kijani kibichi, ya Orbuzo.

Hapo ndipo ningeliacha. Lakini nilijiambia maua ndiyo yatakayoonekana, mama mkwe atalitandika maua juu, huko chini nani atachungulia, na mimi peke yangu nitajua kwamba mfalme wangu analala nyumbani kwa wakwe zangu. Tena kwetu vitu vya mahari vinatolewa ndani ya mifuko yake, watu wanashukuru, vinapelekwa chumbani, basi. Sikujua (na hakuna aliyenieleza, kwa sababu nani angefikiri ni jambo la kueleza) kwamba kwao shangazi wanafungua kila kitu, wanakikunjua mbele ya wote, wanatafuta tundu.

Kwa upande wangu mwenyewe nilikuwa nimevaa vizuri. Suti ya kaka yangu, mtu wa tumbo, kwa hiyo suruali ilisimama kwa nguvu za mkanda peke yake, na mkanda mweusi niliokuwa nao ulikuwa mmoja, wenye kichwa cha Orbuzo kwenye bizimu, kile chuma cha kufungia. Nikaufunika kwa koti. Soksi, nani anaona soksi. Na ndani, sitaki kusema, mtajua wenyewe.

Tulifika saa tisa alasiri, mawingu ya mvua yameshuka mpaka juu ya mabati, sebule imejaa, taa imewashwa mchana. Suti ya baba ikakaguliwa kushona kwa kushona, nami nikaanza kutoka jasho. Kisha shangazi wawili wakachukua blanketi, kila mmoja pembe yake, wakalinyanyua juu. Maua yakamwelekea mama mkwe na watu wake wote, wakashangilia. Orbuzo akatuelekea sisi. Mama yangu akaweka mkono mdomoni. Baba mdogo Gaston hakuona, alikuwa amefumba macho kama afanyavyo maneno yakimnogea, akaendelea:

"Hii blanketi njo roho yetu. Vile shiye tunamuona mama, njo vile iko pa hii blanketi. Mugeuze, bantu bote baone."

Wakageuza.

Orbuzo alikuwa mkubwa kuliko mlango, pembe zote tatu, meno yote, na mama mkwe alikuwa anatazama namna sisi tunavyomwona. Halafu ngurumo moja, umeme ukakatika, sebule ikawa giza, na yale macho (nilikuwa nimesahau kwamba wameyapaka ile rangi inayong'aa gizani, kwenye mfuko wameiandika kama sifa) yakabaki yanawaka peke yake, mawili, ya kijani, juu ya vichwa vya shangazi. Blanketi likaanguka. Kiti kikaanguka. Mama mkwe, ambaye kila Jumatano huongoza kikundi cha maombi parokiani, akaanza Salamu Maria kwa sauti ya juu, na wanawake wote wakamwitikia.

Kama ningenyamaza, jamani. Baba mdogo angetafuta maneno, maneno hayamwishi. Lakini nikasikia mtu gizani akinong'ona kwamba sisi ni watu wa uchawi, tumeleta kitu cha kumlalia mama, na nikaona Clarisse ananitoka mikononi hivi hivi, nikasimama. Bwana arusi, kiti, kasimama. Nikasema si shetani, ni filamu, ni vitu vinauzwa tu, hata mimi ninavyo, tazameni. Mtu akawasha tochi ya simu akaniangazia. Nikaonyesha saa. Nikapandisha mguu wa suruali nikaonyesha soksi, na wale waliokuwa karibu wakaguna, kwa kuwa nilikuwa nimemwonyesha mama mkwe mguu. Hilo lilitosha kuniaibisha mpaka kufa, lakini mimi nilikuwa nashinda mabishano, na mtu anayeshinda mabishano haachi. Nikafungua koti, nikafungua mkanda, nikauchomoa wote, nikaunyanyua juu ili waone kichwa cha Orbuzo kwenye bizimu.

Suruali ya kaka yangu ikashuka mpaka kwenye viatu.

Nikageuka haraka nikainama niipandishe, na hilo lilikuwa kosa la mwisho la siku, kwa sababu yule mwenye tochi kwa heshima alikuwa ameizima, na ile nguo yangu ya ndani ilikuwa ya familia moja na blanketi. Macho mawili ya kijani yakatokea nyuma yangu, yakawaangalia wakwe zangu wote. Nasikia (sikuona, nilikuwa nimeinama) kwamba mama mkwe alijifunika kitenge kichwani, akatoka kwa mlango wa jikoni, kwenye mvua, Salamu Maria ikiwa nusu. Baba mkwe ndiye aliyesema kwanza, kwa utulivu ambao mpaka leo namheshimu nao.

"Mukwe, vala kwanza suruali. Ingine tutasema nyuma."

Walichosema baadaye ni kwamba mahari imesimama. Vitu vibaki palepale, hakuna kupokea wala kurudisha, mimi nisikanyage pale mpaka nilete mbuzi mweupe wa kuomba msamaha kwa mama, na hata nikimleta, ni mama mwenyewe atakayesema kama anapokewa. Nje, chini ya mabati, baba mdogo Gaston hakuwa na neno hata moja, na hiyo ilinitisha kuliko hukumu. Clarisse alinipigia simu kesho yake. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu, ila yeye aliuliza swali moja tu.

"Fiston, weye ulikuya kwetu kunioa minye, ao kutembeza Orbuzo?"

Akakata. Nililia, siwafichi, nililia mle ndani ya kibanda cha mizani na lori limesimama juu linasubiri. Niliumia kwa sababu swali lilikuwa la haki. Alikuwa ameniomba jambo moja na mimi nikafikiri namdanganya kidogo tu, upande wa chini.

Jioni hiyo nilikusanya vyote, kikombe, shuka, ndala, hata kile kichujio, nikajaza magunia mawili nikagawia binamu zangu, na wale wenzangu wa kazini waliponiona napiga mswaki wa kawaida walinyamaza kwa huruma, nami nikakubali mbele yao kwamba ndiyo, vimezidi. Mbuzi nilimtafuta mpaka Kapolowe, mweupe bila doa. Niliapa mbele ya baba mkwe kwamba kitu cha Sayari ya Tisa hakitanunuliwa tena na mkono wangu kwa ajili ya mwili wangu wala nyumba yangu. Mbuzi akakaa kwao wiki tatu akila majani ya viazi, hajapokewa wala kukataliwa, na wiki hizo tatu mimi sikulala vizuri. Kisha mama akasema haya.

Tukaoana. Likaja baridi la mwezi wa sita, lile la kwetu la kung'ata masikio, tukaenda kuwasalimia. Nilipoingia uani nikasimama. Orbuzo alikuwa ametundikwa kwenye kamba ya nguo, meno yote, anatazama banda la kuku. Clarisse akaingia jikoni kwa mama yake, mimi nikabaki nje na kuangalia ardhi kama nilivyofundishwa, akatoka na ujumbe: mama anasema lina joto kuliko blanketi lolote alilowahi kulalia, na tangu aanze kulitundika nje mchana, mwizi wa kuku hajarudi, na anauliza kama sokoni yapo mengine. Nikajibu, kupitia kwa Clarisse, kwamba niliapa, kwamba vitu vile ni vingi mno duniani. Halafu kutoka nyuma ya mlango, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, mama mkwe akanisemesha mwenyewe.

"Minye naomba moja tu."

Nilimtazama Clarisse, Clarisse akatazama sufuria, mabega yake yanatikisika kwa kicheko. Kiapo changu kiko palepale, kwa mwili wangu na nyumba yangu sinunui. Lakini mama mkwe hakataliwi. Jumamosi nilikuwa sokoni, nikachagua lililo zito kuliko yote, na safari hii nilimwomba muuzaji alikunjue lote, pande zote mbili, mbele ya watu, kabla sijalibeba.