Samaki Mwekundu wa Mkuyuni

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa bwana samaki mjini Morogoro. Kazi yangu ilikuwa kuzungukia mabwawa ya perege vijijini na kuhakikisha hayajageuzwa mashamba ya magimbi. Asubuhi moja mkuu wangu aliniita akanikabidhi waraka wa kurasa tatu, kuhusu namna ya kutafuta samaki wekundu baharini wakati wa baridi.

"Mzee, huu ni wa wenzetu wa pwani," nikamwambia. "Sisi bahari hatuna."

"Umeandikwa kwa mabwana samaki wote. Wewe si bwana samaki?"

Kesho yake nikadandia lori lililokwenda kubeba ndizi Mkuyuni. Niliwasomea wanakijiji waraka wote ndani ya ghala la mahindi. Nilitegemea wacheke, nami nicheke nao, yaishe. Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti wa kijiji aliuliza kama bahari ina kina kirefu kuliko bwawa lao. Mkutano ukaamua wajumbe wawili waende wakajionee: mwenyekiti mwenyewe, na mama mmoja mjane, balozi wa nyumba kumi. Mimi niwaongoze.

Nilikuwa nimeiona bahari mara mbili tu maishani, lakini hilo sikulisema.

Kwa kuwa waraka ulitaja baridi, mwenyekiti alivaa koti zito la sufu, lile alilopandia milimani mwezi wa Julai. Tulipofika pwani jua lilikuwa kali na jasho likamtiririka hadi kidevuni.

"Vua koti, Mwenyekiti," mama akamwambia.

"Ni wakati wa baridi," akajibu, akafunga kifungo cha juu.

Mvuvi mmoja mzee alituonea huruma. Tulimwamkia shikamoo, akaitika marahaba huku akilitazama koti. Akatupeleka kwenye mkondo kati ya mikoko. Alieleza kwamba miezi ya kipupwe, maji yakipwa, samaki hujikusanya kwenye mashimo ya mkondo, hasa palipo na tope jeusi lililopata jua. Mambo yenyewe yalikuwa kwenye waraka, ila yeye aliyasema kwa maneno machache zaidi.

Mwenyekiti akasimama ukingoni, akaanza kusoma. "Hatua ya kwanza. Tazama rangi ya maji." Tukatazama. "Hatua ya pili. Tulia." Mama alikuwa ameshapokea mshipi kutoka kwa mvuvi, chambo cha nyama ya kamba kikiwa tayari kwenye ndoana, na ameshautupa. Kabla ukurasa haujafunuliwa akavuta samaki mwekundu wa urefu wa mkono.

"Mrudishe," mwenyekiti akasema. "Hatujafika hatua ya tatu."

"Nimrudishe nimwambie angoje?"

Mvuvi akageuka upande, mabega yakimtikisika. "Huyo kwetu huitwa changu tu," akasema. Mwenyekiti akanigeukia mimi, mtaalamu. Nikasema, kwa sauti ya kiofisi, kwamba hatua ya tatu inaweza kuhesabiwa imekamilika.

Ili asiharibike njiani, mama alimtia chumvi na kumkaanga mpaka akakauka. Hapo ndipo tulipokosea. Tulipomfunua mbele ya wanakijiji, samaki alikuwa na rangi ya kahawia.

"Huyo ni perege," mtu akasema kutoka nyuma.

"Perege gani wa ukubwa huu?" mama akauliza.

"Perege aliyekula vizuri."

Mabishano yakawa marefu kuliko safari yenyewe. Mwenyekiti, ambaye alimwona akitoka majini mwekundu, alisema yeye kama kiongozi hawezi kuwalazimisha watu waone rangi. Ikapigwa kura ya mikono. Wekundu ulishindwa vibaya sana. Katibu akaandika kwenye muhtasari kwamba bahari ipo, lakini samaki wekundu hawajapatikana.

Mama hakubisha tena. Alimvunjavunja samaki kwenye jani la mgomba, akapitisha kwa kila mtu, hata waliompinga. Wakala, wakilamba chumvi vidoleni. Mimi nilipata kipande cha karibu na mkia. Nilikuwa nimekula perege maisha yangu yote, na nilipokitafuna nilimtazama mama, naye akanitazama, tukaendelea kutafuna.

Ofisini mkuu wangu alisoma ripoti, akauliza kama wanakijiji wamefundishika. Nikamjibu ndiyo.