Mbao za Nyumba ya Baba

Mkinisikia nacheka nikisimulia haya msidanganyike, ndugu zangu, mimi ni mtu ambaye mpaka leo nikipita sokoni hapa Buteba nasikia mtu nyuma yangu akiigiza mlio wa njiwa, nami sigeuki, maana najua ninaitwa mimi.

Nilinunua njiwa sita Malaba, upande wa Kenya, siku lori letu lilipokwama kwenye foleni (mimi ni utingo), nikawabeba kwenye boksi mpaka nyumbani, na ni pale uwanjani ndipo nilipokumbuka kwamba sina pa kuwaweka. Baba alikuwa Busia kwa dada yangu akitibiwa miguu. Nikakumbuka mbao zake za mvule, zilizokaa juu ya jiko miaka na miaka hadi zikawa nyeusi kwa moshi. Alikwisha kunikanya, "Hiyo mbao usiguse. Hiyo ni ya nyumba yangu." Lakini mimi nikawaza, mzee wa miaka themanini na kitu, nyumba ya bati anayo, atajenga nyingine ya nini? Nikasema ni uzee tu (Mungu anisamehe), nikazishusha, nikapiga msumeno. Ubao mmoja tu niliuacha na urefu wake, nikautoboa milango sita ya duara, nikaufanya uso wa nyumba. Majirani wakaja kutazama, na mimi kichwa kikavimba.

Baba aliporudi alisimama mbele ya ile nyumba, mkono kwenye fimbo.

"Mbao umetoa wapi?"

"Juu ya jiko, mzee. Zile zako."

Akapapasa ubao. "Sawa. Ndege pia nataka pa kulala." Akaingia ndani. Nami nikafurahi, nikaona nimesamehewa kirahisi! Tangu siku hiyo akawa anawarushia ulezi kila asubuhi, na hakulitaja tena jambo lile mpaka alipofariki, miezi minne baadaye.

Shangazi, dada yake baba, akafika kutoka Osukuru, akalia, akafuta machozi, kisha akaniita mbele ya waombolezaji wote.

"Ekisa, leta mbao ya kaka. Ile ya nyumba yake. Fundi nangoja."

Hapo ndipo nilipoelewa ni nyumba gani. Ningesema ukweli pale pale, aibu ingekuwa ndogo, lakini mdomo wangu ukakimbilia uongo.

"Shangazi, zililiwa na mchwa."

Watu wakatazamana.

"Mchwa?" akasema. "Mchwa nakula mvule? Tangu lini?"

Na njiwa, kana kwamba wameajiriwa kunimaliza, wakaanza kulia kule juu. Shangazi akainua macho, akaona rangi ya mbao, akaona milango sita. Hakunitukana. Alimwambia fundi tu, "Vunja."

Nilimsihi tununue jeneza barabarani, yapo mazuri, yana hadi vioo. Akakataa. Mvule ule aliupanda babu, na baba aliupasua kwa mikono yake. Basi fundi akaunga vipande, akakwangua kinyesi cha njiwa, na ule ubao mrefu akautia ubavuni, mashimo akayaziba kwa ndani na plaiwudi. "Bwana," akaniambia chini chini, "mimi nimefanya hii kazi miaka mingi, lakini jeneza ya madirisha bado."

Ibada ikaanza. Njiwa walikuwa wanazunguka tangu asubuhi bila makao, na katekista alipotuinamisha tuombe, nikasikia mabawa. Walitua juu ya jeneza, wote sita. Mmoja akashuka ubavuni, akang'ang'ania ukingo wa mlango wake, akagonga plaiwudi kwa mdomo. Ko, ko, ko.

Nyuma kabisa mlevi mmoja akaitikia, "Karibu!"

Msiba ukapasuka kwa kicheko. Hata katekista alijificha nyuma ya Biblia. Mimi nilitamani kaburi lile liwe langu. Mtu pekee ambaye hakucheka ni shangazi, aliyenisogelea akanishika mkono, akaniambia taratibu, "Kaka yangu alikuwa na chumba moja tu ya kwenda nayo. Wewe ukapangisha ndege."

Sifugi njiwa tena, na mbao ya mtu siigusi hata iwe kuni. Lakini aibu ya kuchekwa nimeizoea. Kinachoniuma ni asubuhi zile, baba amekaa kwenye kiti chake akirusha ulezi, anaitazama nyumba yake ikiwa na wapangaji, anajua, na ananinyamazia nisione haya. Siku hizi mzee yeyote akiniambia kitu fulani ni cha nyumba yake, naketi chini kwanza, namuuliza swali ambalo sikumuuliza baba: nyumba gani, mzee?