Tulivyowachagulia Redio ya Kihispania

Kituo chetu cha redio kipo Tottenham, juu ya duka la kuku wa kukaanga, na harufu ya mafuta huwahi kupanda ngazi kabla ya wageni. Kila Jumamosi nilitoka Lewisham, treni mbili na basi, kwenda kuendesha saa moja ya Kiswahili kwa kujitolea. Kipindi chenyewe ni salamu na misiba. Fulani anamsalimu shemeji yake wa Harrow na wote wanaomfahamu. Fulani amefiwa na mama huko Bukavu, matanga yapo ghorofa ya sita, lifti mbovu, njooni na viti. Muziki niliupiga ili nipate nafasi ya kunywa chai.

Siku moja meneja akaja na habari kwamba tumepata kibali cha redio ya pili, ya Kihispania, maana watu wa Amerika ya Kusini wamejaa mtaani. Akaunda kamati ya kuamua itangaze nini. Tulikuwa watatu: yeye mwenyewe, ambaye ni Mwingereza mwenye huruma nyingi na masikio machache; mtaalamu wa kukodiwa, aliyewahi kwenda likizo Hispania mara mbili; na mimi, kwa sababu nina lafudhi. Kihispania hakuna aliyekijua hata cha kuombea maji.

Aliyekijua alikuwepo, ila alikuwa anafagia. Msafishaji wetu ni mama wa Kolombia, na Jumamosi hupenda kusimama kwenye kioo cha studio kunitazama nikipokea simu. Wiki moja kabla ya kikao alinikuta jikoni.

"Rafiki yangu, muziki tunao kwenye simu zetu," aliniambia kwa Kiingereza chake cha kuungaunga. "Sisi tunataka kama chako. Nani kafa, nani kalazwa, chumba kiko wapi, wakili gani ni mwizi. Waambie. Mimi hawanisikii."

Nikamjibu niachie mimi, kwa sauti ileile nzito ninayosomea misiba.

Kikao kilianza kwa kumwomba azime mashine ya kufyonza vumbi, ili tujadili kwa utulivu watu wake wanapenda nini. Akazima, akatoka, akatufungia mlango taratibu.

Mtaalamu akawasha picha ukutani: mwanamke wa gauni jekundu, ua mdomoni. "Hawa ni watu wa hisia," alisema. Akatuwekea mambo matatu ya kuchagua: nyimbo za mapenzi, muziki wa kudansi, au mazungumzo na matangazo. Mbolivia, Mkolombia na Mwekwado aliwatia chungu kimoja akakoroga. Nilicheka moyoni kwa uchungu. Kipindi changu hufunguliwa kwa ngoma na mngurumo wa simba, na aliyenichagulia ni meneja huyuhuyu. Mimi nimekulia Dodoma mjini. Simba wa kwanza kumwona maishani nilimwona London, kwenye bustani ya wanyama, kalala.

Basi nikakohoa niseme yale niliyotumwa. Meneja akaniwahi.

"Mazungumzo yanahitaji studio, na tunayo moja tu," alisema, akiangalia kalamu yake. "Ingebidi tuwape Jumamosi asubuhi."

Jumamosi asubuhi ni yangu. Jumatatu hadi Ijumaa mimi ni mtu wa kubadilisha mashuka ya wazee na kuambiwa nimechelewa. Jumamosi ndiyo siku nina jina. Kina mama hunisimamisha sokoni kwa kunitambua sauti tu, na mmoja aliwahi kunikatia kitenge. Niliogopa, sifichi.

"Wewe ndiye unayewajua wahamiaji," mtaalamu akanigeukia. "Unaonaje?"

"Kudansi," nikasema. "Watu wamechoka na kazi. Wanataka kudansi."

Akaandika upesi, akapiga mstari chini yake. Nyani haoni kundule, na mimi langu nililikalia kikao kizima.

Redio ikafunguliwa kwa keki. Muziki wa kudansi kutwa kucha, na katikati sauti ya mwanamume aliyerekodiwa akipiga kelele kwamba anafurahi. Mwezi wa kwanza walipiga simu watu wawili. Mmoja alilalamika, wa pili aliomba tumtangazie pasipoti yake iliyopotea, meneja akamweleza kwa upole kwamba hiyo siyo sura ya kituo.

Halafu Jumamosi moja, wimbo ukiwa hewani, msafishaji akaingia studio na karatasi. Dada yake amefariki kwao. Alitaka watu wake wajue misa itasomwa lini, na redio yao haikuwa na mahali pa kulisema hilo. Nikamvutia kiti. Nikawaambia wasikilizaji kwa Kiswahili kwamba mwenzetu amefiwa, tumsikilize, kisha nikamsogezea kipaza sauti.

Alisoma dakika tatu kwa Kihispania, akasimama mara mbili kufuta macho. Nina hakika hakuna aliyeambulia neno. Simu zikaanza kuita kabla hajamaliza. "Kilio iko wapi?" aliuliza mama mmoja wa Kikongo. "Tutakuja na chakula."

Nilipompa ujumbe huo alilia upya, kisha akakunja karatasi yake.

"Siku ile ulipowaambia," akaniuliza, "walijibu nini?"

"Walikataa," nikasema.

Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akanishukuru kwa kuwapigania.