Ngazi za Shamba la Bi Mwanaidi

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa mabuti, daftari la ripoti na kijiji kimoja juu ya milima ya Uluguru. Nilikuwa bibi shamba mpya. Serikali ndiyo kwanza ilikuwa imewaachia wafanyabiashara kuuza pembejeo, hivyo mbegu na mbolea ya chumvichumvi zilipanda mlima kwa pikapu ya wakala, mimi nikipanda kwa miguu.

Nilibeba fremu A: fito tatu zilizofungwa kama herufi hiyo, na jiwe likining'inia kwa uzi katikati. Kwa fremu hiyo hutafutwa mistari ya usawa ya kukata mteremko, ndipo zichimbwe ngazi za kuzuia udongo usiporomoke. Kila nilipoisimamisha, watu waliacha kulima wakanitazama.

"Unampimia nani?" aliniuliza Bi Mwanaidi, mjane aliyerithi shamba kwa ukoo wa mama yake.

"Shikamoo, bibi. Nakupimia wewe."

"Marahaba. Wakoloni nao walisema hivyo hivyo."

Sikumlaumu. Minong'ono kuhusu wawekezaji wanaotafuta ardhi ilikuwa imejaa, na mwenye kupima humtangulia mwenye kuchukua. Mimi nami nilimshuku wakala. Aliwashauri wapige matuta ya kushuka bondeni, kwa kuwa ni kazi nyepesi, watie mbolea, wavune. Nilipomuuliza udongo utashikwa na nini, alicheka tu.

Bi Mwanaidi hakumwamini yeyote kati yetu. Aligawa shamba nusu kwa nusu: moja kwa matuta ya wakala, ya pili akailima kama zamani.

Msimu ule nusu ya wakala ilizaa maradufu. Niliandika pia kwamba kijito cha chini kimegeuka rangi ya chai. Mkuu wangu, Afisa Kilimo, alikata mstari huo.

"Bibi shamba, ripoti inauliza magunia. Haiulizi udongo."

Masika yaliyofuata nusu ile iliporomoka na mahindi yake mpaka kijitoni. Bi Mwanaidi alinifuata mwenyewe.

"Njoo unipimie palipobaki. Lakini karatasi ya vipimo nitakaa nayo mimi."

Tulichimba ngazi, tukapanda majani kingoni, tukachanganya samadi na mbolea kidogo ya wakala. Mavuno hayakufikia yale maradufu, ila yaliyapita ya zamani.

"Sasa unaniamini, bibi?"

Aliendelea kupukuchua mahindi. "Kwa msimu huu."

Baadaye nilihamishiwa Gairo, kisha Turiani, hadi nikastaafu na vyeti vyangu. Hakuna kilichonisifu kuliko lile jibu la Bi Mwanaidi. Nanyi vijana wa kilimo, mkulima akiwaamini kiasi hicho, shukuruni. Halafu msimu ukiisha, pandeni tena mlima.